Muhuri Usiofutika

Ndugu msomaji, siku tuliyomzika bibi yetu pale Ijumbi, kaburi lilichimbwa ndani ya kibanja, katikati ya migomba, kama ilivyo desturi yetu Wahaya. Watu walikuja kutoka Muleba, Kamachumu, hata Bukoba mjini. Aliyekosekana ni mmoja tu, naye ni mjomba, mtoto wa kiume wa pekee wa marehemu. Mjomba yuko Marekani. Simu ilipigwa mbele ya wazee, akalia kama mtoto, kisha akasema, "Nikitoka huku sirudi tena." Wazee wakaguna. Mmoja akatikisa kichwa: "Waitu, huyo kasahau kwao."

Na mimi nilimchukia, sifichi. Hasira ile ndiyo iliyonifanya nianze kuchimba historia, na niliyoyakuta yamenibadili mawazo.

Tuanzie mbali kidogo. Wazee wetu wa zamani walikwenda Buganda na kurudi wakijua njia tu. Mpaka ukaja kwa wino. Tarehe 1 Julai 1890 Waingereza na Wajerumani walitia saini mkataba wao huko Ulaya, mstari ukapita kwenye nyuzi 1 kusini ya Ikweta, magharibi ya ziwa. Mstari huo haukuuliza nani ameoa wapi. Hata hivyo kwa miaka mingi watu waliendelea kuvuka. Wahaya walikwenda Kampala kutafuta maisha. Huku kwetu nako, kahawa ilipoleta fedha enzi za ukoloni, walikuja vibarua kutoka Rwanda na Burundi kupalilia na kuchuma. Wengine walirudi kwao, wengine wakabaki, wakazaa na kuzika.

Pasipoti kama tunavyoijua leo nayo si ya tangu enzi na enzi. Ilikuwa baada ya Vita Kuu ya Kwanza, mwaka 1920, ndipo mataifa yalipokutana Paris kupatana kijitabu hicho kifananeje. Kwetu, ule mstari wa wino ulikuja kuonyesha meno Oktoba 1978, majeshi ya Idi Amin yalipovuka na kuingia Kagera. Baada ya hapo nani angeuona mpaka kuwa ni mchezo?

Sasa turudi kwa mjomba. Yeye alikwenda mamtoni mwaka 1998 kwa viza ya matembezi. Vijana wengi wa kijiweni hudhani tarehe iliyoandikwa kwenye viza ndiyo mwisho wa kukaa. Sivyo. Kwa Marekani, viza ni ruhusa ya kubisha hodi. Siku za kukaa anazitaja ofisa wa uhamiaji pale unapoingia. Mjomba alipewa miezi 6. Ikaisha. Akajisemea, nitafute kwanza nauli na kitu cha kwenda nacho nyumbani. Mwaka ukapita, na wa pili.

Hakujua kuwa mlango ulikwisha fungwa nyuma yake. Sheria waliyoipitisha Wamarekani mwaka 1996, ikaanza kazi 1 Aprili 1997, inasema hivi: ukizidisha zaidi ya siku 180 bila kufika mwaka, kisha ukaondoka mwenyewe, huruhusiwi kuingia tena kwa miaka 3. Ukizidisha mwaka mzima au zaidi, ni miaka 10. Upo msamaha, lakini ni mwembamba, hasa kwa mwenye mume, mke au mzazi aliye raia au mkaazi halali wa kule, na si wa kupewa tu kwa kuomba. Tena hesabu ya adhabu haianzi ukiwa ndani, inaanza siku unapotoka. Kwa hiyo sheria iliyokusudiwa kuwatoa watu ndiyo inayowafungia ndani! Mjomba hakusahau kwao. Alikuwa amesimama kati ya jeneza la mama yake na watoto wake waliozaliwa kule.

Wala si Marekani peke yake. Uingereza ina marufuku ya mwaka 1 mpaka 10, kutegemea uliondoka vipi na nani alilipa nauli. Nchi za Schengen zinakupa siku 90 katika kila siku 180, na ukifukuzwa waweza kuzuiwa kwa kawaida hadi miaka 5 katika nchi zote hizo kwa mkupuo.

Lakini ndugu msomaji, tusiwanyooshee kidole Wazungu tu. Julai 2013 Rais Kikwete, akiwa huku huku Kagera, alitoa wiki mbili kwa wahamiaji wasio na vibali waondoke au wahalalishe ukaaji wao. Septemba ikaanza Operesheni Kimbunga katika mikoa ya Kagera, Kigoma na Geita. Wahalifu wa kweli walikuwapo, ujambazi wa njiani tuliujua. Lakini waliondolewa pia watu waliokaa miongo, waliooa hapa, na wapo waliodai kuwa wao ni Watanzania. Wangapi kati yetu tuliopiga makofi tulikuwa na ndugu aliyejificha mamtoni? Nkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu.

Sasa mama yangu anataka kwenda kumwona kaka yake kabla hawajazeeka zaidi. Kijijini wanasema jina la ukoo limeharibika, hapati viza. Si kweli, marufuku inamshika aliyezidisha, haiushiki ukoo. Ila fomu inauliza kama una ndugu wa tumbo moja kule, na yuko kwa hali gani. Jamaa mmoja alimshauri aandike "sina". Nikamweleza mama nilichosoma: kudanganya ili upate viza kunaweza kukufungia mlango wa Marekani maisha, na marufuku hiyo haina mwaka wa mwisho.

Mama alinyamaza, akaendelea kumenya ndizi. Kisha akasema, "Mwanangu, wakininyima wataninyima. Lakini siwezi kuandika kwamba sina kaka."

Fomu tunaijaza Jumatatu.