Mjumbe Hauawi: Historia Fupi ya Dhima ya Mwenye Baraza

Wahenga walinena kwamba mjumbe hauawi. Aliyebeba maneno ya mwingine hastahili adhabu ya aliyeyatunga. Lakini sheria haikuikubali methali hii yote, na katika makala hii nataka kueleza jinsi mpaka baina ya msemaji na mchukuzi wa maneno ulivyohamahama katika nchi yetu, tangu zama za gari la moshi hata zama za mtandao.

Tuanzie Ngerengere. Reli ya Kati ilianza kujengwa kutoka Dar es Salaam mwaka 1905 ikafika Morogoro mwaka 1907, na Ngerengere ikawa stesheni mojawapo kabla ya kuifikia milima ya Uluguru. Kwa njia hiyo barua na magazeti yalisafiri kwenda bara. Hapo twaona watu watatu: aliyeandika barua, mhariri aliyeichapa gazetini, na mwenye gari lililolichukua gazeti hilo. Sheria tuliyoirithi kwa Waingereza huwashika wawili wa kwanza. Wa tatu humwacha, kwa kuwa hakuufungua mzigo wala hakuwa na sababu ya kujua yaliyomo.

Mhariri hushikwa kwa sababu huchagua. Gazeti la serikali la Mambo Leo, lililoanza mwaka 1923, lilipokea barua na mashairi ya wasomaji kutoka pande zote za Tanganyika. Lakini hakuna neno lililochapwa pasipo kupita mbele ya macho ya mhariri. Kadhalika mwaka 1958 Julius Nyerere alishtakiwa kwa kuwakashifu maofisa wa serikali katika Sauti ya TANU, akatozwa faini ya shilingi 3,000 au kifungo cha miezi sita. Hapo hapakuwa na utata: maneno yalikuwa yake, akayakubali.

Lakini yuko mtu wa nne, naye ni mwenye ukuta. Mwaka 1937 Mahakama ya Rufani ya Uingereza iliamua kesi ya Byrne na Deane, iliyotokana na shairi lililobandikwa ukutani katika klabu ya gofu na mtu asiyejulikana. Mahakama haikuona kashfa katika shairi lenyewe. Hata hivyo, ilikubali kwamba mwenye ukuta aliyeyaona maneno, akaweza kuyaondoa, naye akayaacha, aweza kuhesabiwa kuwa ameyatangaza. Dhima yake haikutokana na kuwa na ukuta, bali ilitokana na kujua na kunyamaza.

Mwenye tovuti ni ndugu wa huyu mwenye ukuta, ila ukuta wake ni mrefu kupita upeo wa macho. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 ililitambua jambo hilo: haikumlazimisha mtoa huduma kuchungulia kila kilichowekwa kwake, na ilimkinga yule anayehifadhi maneno ya wengine iwapo ataondoa yaliyo haramu mara anapoamriwa. Kwa maandishi, basi, mjumbe alikingwa.

Mambo yalivyotendeka yalikuwa na sura nyingine. Desemba 2016 Maxence Melo, mmoja wa waanzilishi wa JamiiForums, alikamatwa na kufikishwa katika Mahakama ya Kisutu. Hakushtakiwa kwamba yaliyoandikwa na wanachama wake yalikuwa uongo. Miongoni mwa mashtaka yake ni kuzuia upelelezi kwa kutotoa habari za walioandika. Kesi moja alishinda mwaka 2018. Katika nyingine, Aprili 2020, alihukumiwa faini ya shilingi 3,000,000 au kifungo cha mwaka mmoja. Yaani mjumbe hakuadhibiwa kwa ujumbe, bali kwa kutomtaja aliyemtuma.

Kanuni nazo zikakaza. Zile za mwaka 2018 zilidai leseni, na zikatoa saa 12 za kuondoa maneno yaliyokatazwa. Zile za mwaka 2020 zikapunguza muda huo hadi saa 2. Na Septemba 2025 leseni ya JamiiForums ilisimamishwa kwa siku 90.

Hatukatai kwamba aliyezuliwa uongo ana haki ya kutetewa, maana jina likichafuka halifuliwi kwa sabuni. Lakini tupime: mwenye baraza aliyepewa saa 2 tu, naye si hakimu, atapimaje ukweli wa neno? Ataondoa la uongo na la kweli pamoja, apate kusalimika. Hasara itamwangukia mnyonge aliyekuwa na malalamiko ya haki, asiye na mhariri wala wakili.

Tangu mwaka 2024 gari la umeme nalo hupita Ngerengere, na aliyemo ndani huweza kuandika neno likafika Dar es Salaam kabla yake. Mwendo umebadilika, swali halikubadilika. Ni nani aliyesema, ni nani aliyejua, na ni nani aliyechukua tu? Sheria isiyowatenga watatu hawa itamwadhibu aliye karibu kukamatwa, na huyo mara nyingi ni mjumbe.