Mafua Yanapomfungulia Nimonia Mlango

Leo tunarudi nyuma hadi mwaka 1918, kwa sababu yaliyotokea wakati ule yanamhusu kijana wako wa leo, awe Namanga, Kajiado mjini au Kitengela.

Vita Kuu ya Kwanza ilikuwa ikielekea kwisha. Mnamo Septemba 1918, mafua makali yaliingia Mombasa kwa meli. Yakapanda bara kwa gari la moshi, pamoja na askari na wapagazi waliokuwa wakirudi makwao. Reli ya Magadi, ipitayo Kajiado, ilikuwa tayari imejengwa. Watafiti wanakadiria kwamba Kenya ilipoteza watu wapatao 150,000. Cha kusikitisha, wengi walikuwa vijana wenye nguvu zao.

Je, mafua yaliuaje watu wengi hivyo? Mwaka 2008, wanasayansi wa Marekani walichunguza vipande vya mapafu vilivyohifadhiwa tangu wakati ule. Waliona kwamba wengi waliuawa na maradhi mawili yaliyofuatana. Virusi vya mafua vilitangulia, vikaharibu utando unaolinda njia ya hewa. Kisha bakteria, ambao mara nyingi hukaa puani na kooni bila kumdhuru mtu, wakashuka mapafuni na kuleta nimonia. Dawa ya kuwaua haikuwapo. Penisilini iligunduliwa na Alexander Fleming mwaka 1928, ikaanza kutumika kwa wingi miaka ya 1940.

Mama, siku hizi dawa ipo, lakini njia ya ugonjwa ni ile ile. Kijana hushikwa na mafua, akapata nafuu siku chache, halafu homa ikarudi kwa nguvu. Akikohoa makohozi mazito, kifua kikamuuma au akahema haraka, usiseme "ni mafua tu, yataisha." Mpeleke kituo cha afya siku hiyo hiyo.

Lakini usimnunulie antibiotiki kwa kila mafua. Haziui virusi, na zikitumiwa ovyo bakteria huzizoea. Aliye chini ya miaka 18 usimpe aspirini akiwa na mafua. Na mdogo wake mchanga akamilishe chanjo ya nimonia, inayotolewa Kenya tangu 2011.

Mwaka 1918 mama alikesha kando ya mwanawe bila dawa. Wewe unayo nafasi; usiichelewe.