Transfoma ya Kushushia Umeme (Kitui na Makueni)
Chombo hiki, kisicho na sehemu itembeayo, kina nyuzi zilizozungushwa juu ya kiini cha chuma, nyingi upande wa kupokelea na chache upande wa kutolea. Katika kaunti za Kitui na Makueni huangikwa nguzoni, kikishusha volti 11,000 au 33,000 za njia kuu hadi 240 zifaazo majumbani. Kwa kuwa maboma ya Ukambani, eneo la kaunti hizi, yametawanyika, na waya mrefu hupunguza volti hata taa ya nyumba ya mwisho ikafifia, masharti ya mradi wa serikali wa kuunganishia nyumba umeme ulioanza mwaka 2015, yaani nyumba iwe ndani ya mita 600 kutoka kwenye transfoma, ni mazito kwa wakazi wa nyanda kame. Kuiba mafuta ya transfoma, yapoozayo nyuzi, ni dhuluma kwa kijiji kizima.