Jalada la Kitabu na Ulimi Wake

Katika karne ya 19 misafara ya Kilwa ilifika hata ufuko wa Ziwa Nyasa, na wengine wakavuka kwa majahazi mpaka Nkhotakota, kwenye enzi ya Jumbe. Uislamu ulishika njia hiyo, na vitabu pamoja nao. Lakini Mbamba Bay kuna joto la ziwa, na milima ya Mbinga ina ukungu na mvua. Karatasi na unyevu hawapatani. Kinga yake ni jalada.

Mafundi wa Kiislamu walizikunja karatasi mafungu mafungu, wakazishona mgongoni kwa uzi, kisha wakazivika ngozi. Jalada la nyuma wakalitia ulimi unaofunika kingo za kurasa na kuingia chini ya jalada la mbele, vumbi lisipate pa kupenya. Kwetu pwani, mji wa Siyu, kisiwani Pate, ulisifika karne za 18 na 19 kwa mafundi wa ngozi na wanakili wa misahafu.

Ufundi huu ulisafiri. Nakshi za dhahabu juu ya ngozi zilipigwa Moroko tangu karne ya 13, zikafika Italia karne ya 15, ndipo Wafaransa wakazipokea. Hata ngozi nzuri ya mbuzi wameiita kwa jina la Moroko.

Mwaka 1917, mjini Paris, mshonaji mashuhuri wa nguo, Jacques Doucet, alimtaka Pierre Legrain amchoree majalada. Legrain aliyaacha maua ya kale, akapamba kwa mistari, duara na herufi za jina la kitabu. Rose Adler naye alimfanyia Doucet kazi kama hiyo. Doucet alipofariki mwaka 1929, maktaba yake ya fasihi ilibaki mikononi mwa Chuo Kikuu cha Paris, na hata leo yatunzwa.

Je, sisi? Jalada likichanika, ukurasa wa kwanza ndio hutangulia kupotea. Na aghalabu ndipo mzee alipoandika wakfu wake na tarehe za kuzaliwa wanawe. Ukipotea huo, hakuna duka la kuununua mwingine.

Basi, ndugu yangu, usikibandike kitabu cha babu kwa utepe wa gundi, kwani huila karatasi. Kifunge kwa kitambaa safi, kiweke mbali na ukuta wenye unyevu, umtafute fundi akishone. Kitabu ni amana, na amana hurudishwa nzima.