Shule ya kina Yui ipo kweli, na aliyeichora alikuwa mgeni

Ndugu zetu, tulipowaambia kwamba safari hii tunaandika historia ya K-On!, wengi mlicheka. Mkasema hiyo siyo historia, hiyo ni katuni ya Kijapani ya wasichana wanaokunywa chai. Na ni kweli, wanakunywa chai kuliko wanavyofanya mazoezi. Lakini sisi tuliiangalia yote kwa simu moja yenye kioo kilichopasuka, na ilipoisha tukaanza kuulizana maswali. Yale majina yalitoka wapi? Nani aliiongoza? Na ile shule nzuri namna ile, yenye kobe kwenye ngazi, ni ya kuchorwa tu ama ipo mahali? Tukaanza kutafuta kidogo kidogo, kila mtu na bando lake. Haya ndiyo tuliyopata.

Kwa ambao hamjaiona, tuwaeleze upesi. Yui Hirasawa anaingia sekondari ya juu na hajui ajiunge na klabu gani. Klabu ya muziki mwepesi iko karibu kufungwa, kwa sababu wakubwa wote wamemaliza shule, na bila watu wanne haiendelei. Ritsu anapiga ngoma, Mio anapiga besi, Tsumugi anapiga kinanda. Wanamtafuta wa nne. Yui anakubali kwa sababu alisikia "muziki mwepesi" akafikiri ni muziki rahisi. Hajui hata kushika gita! Jina K-On lenyewe ni kifupi cha neno la Kijapani keiongaku, yaani huo huo muziki mwepesi. Mwaka wa pili anaingia Azusa, mdogo wao, ambaye ndiye anajua kupiga kweli, na anashangaa kukuta watu wanakula keki.

Tuanze na majina. Hadithi ilianza kama katuni ya kuchapwa, picha nne nne, mwaka 2007, katika gazeti la Manga Time Kirara. Mchoraji anajiita Kakifly. Huyu mtu anapenda bendi za zamani, na majina ya ukoo ya wasichana wake aliyachukua kwa wanaume wa bendi moja iliyoanza mwaka 1979, P-Model. Hirasawa, Akiyama, Tainaka, Kotobuki, Nakano: wote hao walipita katika P-Model. Mwalimu wao Sawako Yamanaka jina lake limetoka kwa Sawao Yamanaka, mwimbaji wa bendi nyingine, The Pillows. Yaani ukiita darasa lile kwa majina, unawaita wazee wa muziki wa roki wa Japani bila kujua. Halafu kuna ajabu moja: aliyempa Tsumugi Kotobuki sauti kwenye anime anaitwa Minako Kotobuki. Jina la mhusika lilikuwa limeshachapwa kabla ya anime kutengenezwa, kwa hiyo ni bahati tu.

Vyombo pia ni vya kweli. Gita la Yui ni Gibson Les Paul, la Azusa ni Fender Mustang, besi ya Mio ni Fender Jazz Bass ya mkono wa kushoto, kwa sababu Mio anatumia kushoto. Wachoraji hawakuchora tu kitu chenye nyuzi. Mashabiki waliotazama kwa makini waliweza kutaja aina, hata rangi, kisha wakaenda madukani kuzitafuta. Hata vile visikizi ambavyo Mio anavaa kwenye wimbo wa kumalizia, AKG K701, watu walivikimbilia.

Kuhusu lile gita la Yui, hapo sisi tulibishana sana. Bei yake dukani ni yen 250,000. Yui ana 50,000, na hizo ni pesa alizomwomba mama yake mapema. Wenzake wanaenda kufanya kibarua pamoja naye, wanakaa barabarani kuhesabu magari, na bado hazitoshi. Mwishoni wanarudi dukani, Tsumugi anaongea na muuzaji, na gita linauzwa kwa 50,000, maana kumbe duka ni la familia yake. Wengine kwetu walisema huo ni uongo wa katuni, maisha hayako hivyo. Wengine wakasema hapana, maisha yako hivyo kabisa, mlango hufunguka kwa yule anayejuana na mwenye duka, tofauti ni kwamba wewe siyo rafiki ya Tsumugi. Hatukuelewana mpaka leo.

Sasa waliotengeneza. Studio ni Kyoto Animation, na kipindi kilianza kurushwa kwenye televisheni ya TBS mwezi wa 4 mwaka 2009. Aliyeongoza ni Naoko Yamada. Alikuwa na miaka 24, na hajawahi kuongoza mfululizo mzima hata siku moja. Alisoma uchoraji wa rangi za mafuta, akaingia studio kama mchoraji wa kawaida, akapewa kazi hii. Ukiangalia kwa makini utaona jambo lake: anapenda kuonyesha miguu. Mtu akiona aibu, akiwa na wasiwasi, akiwa anataka kulia, kamera inashuka chini na unaona viatu vinavyosogea. Uso haonyeshi. Sisi mwanzoni tulidhani ni simu yetu imekata picha.

Studio yenyewe ilianzishwa mwaka 1981 na mama mmoja, Yoko Hatta. Alikuwa amefanya kazi ya kupaka rangi katuni kabla ya kuolewa, na alipohamia sehemu za Uji, karibu na Kyoto, aliwakusanya wanawake wa nyumbani, majirani zake, wakawa wanapaka rangi kazi za studio za mjini Tokyo. Wakati huo kila picha ilipakwa kwa mkono juu ya karatasi ya plastiki, hakuna kompyuta. Ndiyo mwanzo, vibarua vya akina mama. Baadaye wakaanza kutengeneza vyao wenyewe, na wakachukua njia ambayo studio nyingi za Japani hazikuifuata: wachoraji wao walilipwa mshahara wa mwezi, badala ya kulipwa kwa kila picha.

Hatuwezi kuandika juu ya studio hii tukaruka tarehe 18 mwezi wa 7 mwaka 2019. Siku hiyo mtu aliingia kwenye jengo lao moja, akamwaga petroli na kuwasha moto. Watu 36 walikufa. Mmoja wao ni Futoshi Nishiya, aliyechora sura za wahusika wa filamu A Silent Voice, ambayo Yamada aliiongoza mwaka 2016. Mwingine ni Yasuhiro Takemoto, aliyeongoza Lucky Star. Majina kama hayo hupita mwishoni mwa katuni, harakaharaka, wakati sisi tunatafuta sehemu inayofuata. Tangu tusome hayo tunaacha yapite mpaka mwisho.

Muziki nao ulitoka nje ya katuni. Nyimbo ziliimbwa na walewale waigizaji wa sauti, na mwezi wa 7 mwaka 2009 albamu fupi ya Ho-kago Tea Time, hiyo bendi ya kubuni ambayo jina lake maana yake ni chai ya baada ya masomo, iliingia namba 1 kwenye orodha ya albamu ya Oricon. Haikuwahi kutokea kwa wahusika wa anime. Mwaka uliofuata, nyimbo mbili za msimu wa pili zikaingia namba 1 na namba 2 wiki moja. Tarehe 30 mwezi wa 12 mwaka 2009 waliimba mbele ya watu Yokohama Arena.

Lakini kilichotushika sisi zaidi ni shule.

Watengenezaji hawa wana tabia ya kwenda kutazama. Duka la gita katika hadithi limechorwa kutoka duka la kweli la Kyoto. Filamu ya mwaka 2011, ambapo wasichana wanasafiri London, timu ilienda London yenyewe kwanza. Na shule yao, ukumbi, madirisha, ngazi, chumba cha chai, ni shule ya msingi ya zamani ya Toyosato, mji mdogo wa watu kama 7,000 katika mkoa wa Shiga.

Ilijengwa mwaka 1937. Pesa zilitoka kwa Tetsujiro Furukawa, aliyesoma katika shule ya mji huo akiwa mtoto, kisha akawa mkubwa katika kampuni ya biashara ya Marubeni. Alitoa sehemu kubwa ya mali yake ili watoto wa kijijini wapate shule ya zege, wakati shule nyingi za vijijini zilikuwa za mbao. Na ile sungura na kobe, ipo. Ni sanamu ndogo za shaba juu ya mkono wa ngazi. Chini wanaanza mbio pamoja. Ukipanda, unamkuta sungura amelala. Ukifika juu kabisa, kobe yuko pale peke yake. Mtoto alikuwa anasoma hadithi nzima kwa kupanda tu kwenda darasani. Papa mmoja hapa kwetu ambaye ni fundi wa kujenga tulimwonyesha picha ya ngazi zile. Akaikuza kwa vidole, akanyamaza, halafu akasema, "Wanangu, huyu aliyechora alikuwa anapenda watoto."

Aliyechora ni William Merrell Vories. Ni Mmarekani, mzaliwa wa Kansas, mwaka 1880. Alifika Japani mwaka 1905 kufundisha Kiingereza katika mji wa Hachiman, mkoa huohuo wa Shiga. Nje ya saa za kazi alikuwa anafundisha Biblia, wanafunzi wakaja wengi, watu wakakasirika, na mwaka 1907 akaachishwa kazi. Hapo mtu yupo nchi ya kigeni, hana mshahara. Yeye akabaki. Alikuwa na ndoto ya zamani ya kuchora majengo, akaanzisha ofisi ya uchoraji. Ofisi hiyo ikachora makanisa, nyumba za watu, vyuo, hata duka kubwa la Daimaru pale Osaka. Mwaka 1919 akaoa Makiko Hitotsuyanagi. Mwaka 1941 akachukua uraia wa Japani na jina la ukoo la mkewe, mwaka uleule ambao Japani na Marekani ziliingia vitani. Alibaki hukohuko mpaka alipofariki mwaka 1964.

Tuliposoma hapo tulikaa kimya kidogo. Ninyi mnajua maneno tunayoyasikia kila siku: usijenge kwa tofali, sisi ni wapita njia, usipande mwembe, nani atakula. Vories alikuwa na sababu zote za kusema hivyo. Tusidanganyane, yeye alikuwa na pasipoti na kwao kulikuwa salama, angeweza kupanda meli kesho yake. Siyo sawa na sisi. Lakini shule ni yake, na mkono wa ngazi ni wake.

Na ilikaribia kubomolewa. Miaka ya mwisho ya 1990 meya wa Toyosato alisema jengo limezeeka, tetemeko likija litaua watoto, livunjwe, lijengwe jipya. Wakazi wakasema linaweza kuimarishwa. Wakaenda mahakamani. Mwezi wa 12 mwaka 2002 mahakama ya Otsu ikazuia kubomoa. Meya akaendelea hata hivyo, mafundi wakaja, vioo vya madirisha vikavunjwa, wakazi wakaingia kuzuia kwa miili yao. Ikawa habari ya nchi nzima. Mwisho meya akarudi nyuma: la zamani libaki, jipya lijengwe pembeni. Mwezi wa 3 mwaka 2003 wakazi walipiga kura kumtoa, akatoka. Mwezi uliofuata akagombea tena, akashinda! Sisi hatukuielewa, tukaisoma mara mbili. Siasa ya mji mdogo, bwana, ni kama siasa ya zoni yetu.

Ukarabati ulimalizika mwaka 2009, mwaka uleule K-On! ilipoanza. Mashabiki wakatambua madirisha, wakaanza kuja kwa treni. Chumba cha juu sasa kina meza zimepangwa kama kwenye katuni, na vikombe vya chai juu yake. Mwaka 2013 jengo likaandikishwa kuwa mali ya urithi wa nchi.

Tulipomaliza kusoma, mmoja wetu akauliza kama kuna mtu ana picha ya darasa letu la kwanza, lile la miti na turubai, lililovunjwa kabla hatujajenga hili la sasa. Hakuna. Tukajaribu kulichora kwenye daftari. Watu sita, michoro sita, na kila mmoja mlango ameuweka upande wake. Mwenye picha yoyote, hata yenye giza, hata kama ni ya harusi na darasa linaonekana kwa nyuma, atutumie.