Haidrojeni na heliamu: gesi za zepelini na usalama wake

BUJUMBURA – Zepelini huelea angani kwa sababu gesi iliyojazwa ndani yake ni nyepesi kuliko hewa. Gesi zinazotumika hasa ni mbili: haidrojeni, ambayo ni rahisi lakini huwaka, na heliamu, ambayo haiwaki lakini ni ghali.

Kwenye usawa wa bahari, mita moja ya ujazo ya haidrojeni huinua takriban kilo 1.2, na ya heliamu kilo 1.1. Bujumbura iko mita 770 hivi juu ya bahari na ina joto. Kwa hiyo kuinua tani 1 kwa heliamu, uzito wa chombo ukiwemo, huhitaji zaidi ya mita za ujazo 1,000.

Faida hiyo ndogo ya haidrojeni ina gharama. Ikichanganyika na hewa kwa kiwango cha asilimia 4 hadi 75, cheche moja hutosha kuilipua.

Novemba 1917 zepelini ya Kijerumani L59 iliondoka Jamboli, Bulgaria, na tani 15 hivi za shehena kwa jeshi la Lettow-Vorbeck, Afrika Mashariki ya Kijerumani. Ilipangwa ibomolewe ikifika, kwa kuwa huku hakukuwa na haidrojeni ya kuijaza tena. Iliamriwa kurudi ikiwa Sudan. Aprili 1918 iliteketea juu ya bahari karibu na Italia, na watu wote 21 wakafa.

Hindenburg, iliyoungua Marekani Mei 6, 1937 na kuua watu 36, ilibuniwa itumie heliamu. Marekani, iliyokuwa na gesi hiyo, ilikuwa imezuia kuiuza nje. Biashara iliyofungwa ikaacha haidrojeni peke yake.

Leo heliamu iko jirani. Mwaka 2016 watafiti wa vyuo vikuu vya Oxford na Durham walitangaza kuigundua bonde la Rukwa, Tanzania, mashariki ya Ziwa Tanganyika. Mwaka 2024 kampuni ya Helium One iliipata kwa kuchimba kisima.

Hata hivyo, heliamu nayo huua: ikijaa chumbani hufukuza oksijeni, na mtu huzimia bila kuhisi harufu yoyote. Ghala la gesi hizi linahitaji matundu ya hewa karibu na paa na mitungi iliyofungwa isianguke. Kwa haidrojeni, moto na cheche za umeme ziwe mbali kabisa.