Hussein wa Bahrain, Hassan wa Mjini: Riwaya za Mapenzi Tusiyoyataja

Wiki chache zilizopita, katika darasa langu la fasihi na historia, mwanafunzi mmoja wa mwaka wa tatu, binti anayekaa safu ya nyuma na asiyependa kusema, alinyoosha mkono akauliza: "Mwalimu, Hussein alimpenda Hassan, au alimtaka tu?" Darasa zima likanyamaza, ikawa inasikika feni peke yake. Nilimjibu kama tunavyojibu walimu tunapokosa jibu: nilimwambia kuwa swali lake ni zuri na kwamba tutalirudia. Muda ukaisha na hatukulirudia. Kwa kuwa baadhi yenu wasomaji mmekuwa mkinitaka niwatajie riwaya ninazozipenda, leo naona niyalipe madeni hayo mawili kwa pamoja.

Riwaya tuliyokuwa tukiisoma ni By the Sea ya Abdulrazak Gurnah, iliyotoka mwaka 2001. Mwandishi huyu, aliyezaliwa Unguja mwaka 1948 na kupewa Nishani ya Nobel mwaka 2021, wengi wetu tunamjua kama mwandishi wa ukimbizi, na riwaya hii hufundishwa hivyo: mzee Saleh Omar anashuka uwanja wa ndege wa Gatwick na pasi yenye jina la mtu mwingine na kijaluba cha udi mkononi. Lakini fundo la kisa haliko Uingereza. Liko huku, katika mji ambao Gurnah haoni haja ya kuutaja kwa jina kwa sababu kila aliyezaliwa humo atautambua kwa harufu, miaka ya mwisho kabla ya uhuru, pale pepo za kaskazi zilipomleta mfanyabiashara wa Bahrain aitwaye Hussein.

Hussein ni mcheshi, ana fedha, anajua visa. Anapanga katika nyumba ya Rajab Shaaban, mtu dhaifu asiyejua kukataa. Anamkopesha fedha, na nyumba inawekwa rehani. Wakati huohuo mji unamwona akiongozana na Hassan, mtoto mkubwa wa mwenye nyumba, kijana mzuri ambaye bado ni mwanafunzi. Ismail, mdogo wake Hassan, anayaona yote bila kuwa na maneno ya kuyasemea. Pepo zinapogeuka Hussein anaondoka, na Hassan anamfuata. Ile hati ya deni inabaki mikononi mwa Saleh Omar, na kutoka katika karatasi hiyo moja nyumba inapotea, watu wanafungwa, ukoo mmoja unasambaratika. Baada ya miaka mingi Hassan anarudi akiwa mtu mzima mwenye mali, na anachokidai ni nyumba.

Binti yule wa safu ya nyuma aliligusa jambo ambalo mimi, niliyekisoma kitabu hiki mara nne, nilikuwa nimelipita. Riwaya ina wasimulizi wawili, Saleh Omar na Ismail, ambaye ukubwani anajiita Latif Mahmud. Mmoja alinufaika na deni. Mwingine alikuwa mtoto mlangoni. Hassan mwenyewe hasimulii hata ukurasa mmoja. Jambo kubwa kuliko yote lililoifika nyumba ile lilimfika yeye, na yeye ndiye asiyeulizwa. Gurnah hakusahau. Ameandika kama mji wetu unavyosema: habari ya mtu hupita kwa kila mdomo isipokuwa wake.

Sasa nijibu. Mtu mzima mwenye hati ya nyumba ya baba mfukoni na mtoto wa nyumba hiyohiyo hawako sawa, na pasipo na usawa huo sioni namna ya kuliita lile penzi, hata kama kijana mwenyewe alidhani ni penzi na akapanda jahazi kwa miguu yake. Nalitamka hili waziwazi kwa sababu ndilo linalonifanya nizipendekeze riwaya hizi. Katika mazungumzo yetu ya barazani tuna kapu moja tu. Humo tunamtupa Hussein aliyemharibu mtoto wa mwenzake, na humohumo tunawatupa watu wazima wawili waliopendana kimyakimya bila kumdhulumu mtu. Jina ni moja na laana ni moja. Matokeo yake ni kwamba mtoto hatumlindi, maana kulisema jambo lake ni aibu, na mtu mzima hatumwachi salama, maana kapu limeshamnuka.

Gurnah alilifahamu hilo mapema. Katika Paradise, ya mwaka 1994, Yusuf ana miaka 12 baba yake anapomtoa kwa tajiri Aziz kulipa deni. Uzuri wake unamfanya atazamwe na kila mtu, wanawake na wanaume, na anayetisha zaidi ni Mohammed Abdalla, mnyapara wa misafara, ambaye sifa yake ya kuwaingilia wapagazi inajulikana njia nzima. Wanaolijua jambo hilo hulifanyia mzaha. Ni mzaha huo unaoniumiza ninapokisoma kitabu, kuliko ukatili wenyewe, kwa sababu nimekua nikiusikia. Yusuf hana hatia yoyote; jina lake na kisa cha mke wa tajiri anayeichana kanzu yake kwa nyuma vinatukumbusha sura tuliyoihifadhi chuoni. Lakini Yusuf wa Kurani alitolewa gerezani akapewa hazina za nchi. Huyu wa kwetu anaishia kuukimbilia msafara wa askari wa Wajerumani.

Kwa miaka nilikifundisha kitabu hicho kwa Kiingereza, na wanafunzi walizipita kurasa za Mohammed Abdalla kama wanavyozipita takwimu. Kisha, mwaka 2022, Mkuki na Nyota wakatoa Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis, mwanazuoni mwenye asili ya hapahapa Unguja. Nikawapa wanafunzi waisome kwa sauti. Kijana aliyekuwa akisoma alifika mahali akasita, akamtazama mwenzake, akanitazama mimi. Sentensi ileile aliyoisoma mwaka uliotangulia kwa Kiingereza bila kupepesa macho ilikuwa imegeuka ya nyumbani kwao. Nadhani tumekitumia Kiingereza kama pazia. Waandishi wetu wakubwa wa Kiswahili hawakuwa waoga. Rosa Mistika ya Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1971, ilipigwa marufuku mashuleni kwa kuusema wazi uhusiano wa wasichana na wanaume. Lakini jambo hili la leo wengi wamelipitia pembeni, kwa fumbo la mstari mmoja.

Si kwamba lugha haina maneno. Lugha inayo, tena ya kale. Mwaka 1899 jarida moja la etnolojia la Ujerumani lilichapisha kurasa chache juu ya Unguja, kwa taarifa za Oskar Baumann, aliyekuwa mwakilishi wa Austria mjini hapa, na ndani yake yamo maneno kama hanisi na mke-si-mume. Mzungu yule hakuyatunga. Aliyasikia mitaani, yamekwishazoeleka. Lingine ni shoga. Kamusi ya Johnson ya mwaka 1939 inatoa maana zake mbili pamoja: jina la mapenzi waitanalo wanawake marafiki, na jina la mwanamume wa namna fulani. Bibi yangu alimwita jirani yake "shoga yangu" kwa miaka 40, na wala hakuna aliyeshtuka. Neno hilohilo kijana akilitupiwa leo pale Darajani, ngumi zitafuata.

Hapo nitatoka kidogo nje ya vitabu. Nilipokuwa mdogo, Ng'ambo, palikuwa na mtu tuliyemwita Ami. Alikuwa fundi wa kupamba maharusi, na hakuna harusi ya mtaa wetu iliyofana bila yeye kuwapo upande wa wanawake, akipiga ngoma, akipanga asumini, akiwakemea mashangazi. Wanawake walimwita shoga mbele ya waume zao, na waume waliangalia kando. Sitaki kuipamba hali ile. Hakuheshimiwa, alivumiliwa, na watoto tulimfuata nyuma tukimwigiza mwendo, mimi nikiwa mmoja wao. Lakini alikuwa na mahali. Alipougua, wanawake waliopambwa naye walipokezana kumpelekea uji. Sijawahi kusoma riwaya yenye mtu kama Ami ndani yake, na ningetoa rafu nzima ya vitabu vyangu kuipata moja.

Mahali hapo pamezidi kuwa finyu. Sheria tuliyoachiwa na Waingereza iliwalenga wanaume. Mwaka 2004 Baraza la Wawakilishi lilipitisha marekebisho, Rais Karume akayatia saini mwezi wa Agosti, na kwa mara ya kwanza wanawake wakatajwa, kwa kifungo cha hadi miaka 5. Miaka miwili baadaye sherehe iliyopangwa ufukweni kumkumbuka Freddie Mercury, aliyezaliwa mjini hapa tarehe 5 Septemba 1946 kwa jina la Farrokh Bulsara, ilivunjwa baada ya Jumuiya ya Uamsho kuipinga. Tangu mwaka 2019 ana makumbusho yake Shangani na watalii hulipa kiingilio. Tunaweza kuishi na maiti mwenye kipato, inaonekana.

Turudi kwenye rafu. Riwaya ya Gurnah ninayoipenda kuliko zote katika habari hii ni Afterlives, ya mwaka 2020. Hamza, kijana aliyewahi kuwekwa rehani kama Yusuf, anajiunga na askari wa Wajerumani, na ofisa mmoja anamteua awe mtumishi wake. Anamfundisha Kijerumani, anataka aweze kumsoma Schiller, na anamkumbuka kwake mdogo wake aliyekufa motoni. Askari wenzake wanasengenya. Mjerumani mwenye cheo cha chini anaona wivu na chuki hata anamjeruhi Hamza kwa upanga. Je, ofisa yule alimpenda? Gurnah anaacha liwe linavyotaka kuwa: upweke wa mtu katili mwenye mamlaka, uliogusana na upweke wa mtu asiye na lolote. Kitabu cha Schiller kinabaki kwa Hamza. Baadaye, akiwa amerudi pwani, anazitumia beti zake kumwambia Afiya maneno ya mapenzi. Ninaposema riwaya hutunza yale ambayo nyaraka haziyatunzi, nina maana ya kitu kama hicho, zawadi ya mtu mmoja iliyopita mkono hadi mkono ikabadilika maana njiani.

Ng'ambo ya bahari, Dar es Salaam, yuko Gregory katika The Book of Secrets ya M. G. Vassanji, ya mwaka 1994: mwalimu wa Kiingereza, mshairi, ambaye mapenzi yake kwa wanaume yanajulikana na kila mwanafunzi. Anayesimulia, Pius Fernandes, naye mwalimu, anauchimbua maisha yake yote undani wa watu wengine, na linapofika swali la yeye na Gregory walikuwa nini baina yao, ufundi wake wa historia unamtupa mkono. Wahadhiri wenzangu waisome, hasa wale wanaojiamini.

Kwa wanawake waliopendana pwani yetu imenyamaza zaidi, na inabidi kusafiri. Under the Udala Trees ya Chinelo Okparanta, ya mwaka 2015, ni habari ya Ijeoma na Amina, Mwigbo na Mhausa, wasichana wanaokutana wakati wa vita vya Biafra. Vita vimeandikwa na wengi. Okparanta anatuonesha mama anayemsomesha bintiye Biblia, kifungu baada ya kifungu, kumtoa penzi kifuani, na kwa mbali namsikia mama yeyote wa hapa na msahafu wake. Karibu zaidi ni "Jambula Tree" ya Monica Arac de Nyeko wa Uganda, iliyopata Tuzo ya Caine mwaka 2007. Si riwaya, ni hadithi fupi, lakini siwezi kuiacha. Anyango anamwandikia Sanyu, aliyepelekwa London baada ya wao kufumaniwa, na majirani wa mtaa wa Nakawa wamejaa katika barua hiyo na midomo yao. Wanuri Kahiu aliifanya filamu, Rafiki, mwaka 2018; Kenya ikaipiga marufuku, kisha mahakama ikairuhusu kwa siku saba. Jambula ni zambarau, wasomaji wangu. Mti wenyewe mnao uani, na kila msimu unatia madoa kanzu za watoto.

Nilimpa binti yule hadithi hiyo, pamoja na nakala yangu ya By the Sea, ili ajionee mwenyewe kama Hassan anapewa mahali popote pa kusema. Hadithi aliirudisha baada ya siku mbili, imekunjwa vizuri ndani ya bahasha, bila neno. Riwaya bado anayo. Mwenzake aliniambia juzi kwamba inazunguka dahalia ya wasichana na sasa imefika kwa mtu wa sita, jalada limeng'oka. Sijaidai.